Nyaya za zamani katika nyumba ya kale: tuanzie wapi?

Swali: "Tumerithi nyumba ya ghorofa mbili katika mtaa wa kale wa mji. Kuta ni nene, za mawe na chokaa, na dari ni za mbao zilizochorwa. Umeme uliingizwa zamani sana. Swichi ni za duara, zimekaa juu ya vibao vya mbao, na kwenye meni, yaani ubao mkuu wa umeme, kuna fyuzi za kauri zinazofungwa waya kwa mkono. Mwaka jana tuliweka viyoyozi viwili na hita ya maji. Tangu hapo taa hufifia kiyoyozi kikiwaka, fyuzi huungua mara kwa mara, swichi ya ngazini hutoa harufu kama ya samaki, na friji humpiga mama shoti ndogo akiigusa kwa mikono yenye maji. Fundi wa kwanza ametushauri tufunge waya mnene zaidi kwenye fyuzi. Wa pili anataka kubadilisha meni tu, aweke breka za kisasa. Wa tatu anasema hakuna njia ila kutindua kuta zote na kuanza upya. Nyumba imo katika majengo yanayolindwa kisheria. Tumsikilize nani, na je, tunaweza kuendelea kuishi humo huku tukitafuta pesa?"

Jibu:

Ndugu yangu, yako mambo mawili katika barua yako yasiyoweza kungoja. Tuyamalize hayo kwanza, ndipo tuzungumze kwa utulivu habari ya kuta na pesa.

La kwanza ni friji. Kifaa chenye mwili wa bati kikimpiga mtu shoti, hata ndogo, maana yake umeme umevuja na kufika kwenye bati, na hakuna waya wa ethi unaoupeleka ardhini kama inavyotakiwa. Shoti imekuwa ndogo hadi sasa kwa bahati tu: labda mama alikuwa na viatu, labda sakafu ilikuwa kavu. Ngozi ikilowa, ukinzani wake, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme, hushuka sana, na uvujaji uleule uliomtekenya jana unaweza kumkamata mkono kesho asiweze kuuachia. Zimeni meni kwanza, kisha chomoeni plagi ya friji bila kugusa bati. Isirudishwe hadi ipimwe yenyewe na soketi yake ipimwe.

La pili ni swichi ya ngazini. Baadhi ya plastiki ngumu zinazotumika kwenye swichi na soketi, hasa zile zinazotokana na urea na fomaldehaidi, zikipata joto kali hutoa harufu inayofanana sana na samaki aliyeoza au mkojo. Watu hutafuta panya aliyekufa nyuma ya kabati, kumbe ni swichi inayoungua polepole. Zimeni meni nzima, toeni fyuzi ya mstari wa taa hizo, yaani njia ya umeme inayozilisha, na kwa sasa ngazini mtumie taa za betri. Fyuzi ya kauri isichomolewe meni ikiwa imewashwa.

Sasa tuje kwa mafundi wenu. Wa kwanza msimsikilize kabisa, na naomba nieleze sababu, kwa kuwa ushauri wake ndio unaosikika zaidi na ndio unaoteketeza nyumba.

Fyuzi imewekwa ili kulinda waya uliofichwa ukutani usipate joto kuliko unavyoweza kustahimili. Ule uzi mwembamba ndani ya kauri umechaguliwa uwe dhaifu kuliko kitu kingine chochote katika mstari ule, ili mzigo ukizidi ukatike wenyewe mahali pa wazi, ndani ya kauri isiyowaka. Mkifunga waya mnene, udhaifu mnauhamishia kwingine. Sehemu itakayoshindwa kwanza sasa itakuwa kiungo fulani juu ya dari ya mbao, mahali msipopaona. Isitoshe, fyuzi hizi za kufunga kwa mkono ni pole hata zikifungwa waya sahihi: huhitaji karibu mara mbili ya kiwango chake ndipo zikatike. Ya ampea 30 inaweza kubeba ampea 45 kwa muda mrefu bila kusema neno. Kwa hiyo fyuzi zenu zinapoungua mara kwa mara, jueni mzigo umeshapita kiasi kwa mbali.

Na mzigo wenyewe umetoka wapi? Nyumba nyingi za kale ziliingiziwa umeme kwa ajili ya taa: balbu moja kila chumba, soketi moja au mbili za redio na pasi. Mstari wa taa wa enzi hizo ulipangiwa ampea 5. Hita ya maji ya wati 3,000 kwenye volti 230 inavuta ampea 13 peke yake. Kiyoyozi kidogo kinavuta ampea 4 au 5 kikiwa kazini, na mara kadhaa zaidi ya hizo kwa nukta chache kinapoamka. Ongezeni kiyoyozi cha pili na jagi la umeme la wati 2,000, hapo mmefikia kama ampea 30, na huenda zote zinapita katika nyaya zilizolazwa kwa ajili ya redio.

Joto ndani ya waya haliongezeki sawasawa na mkondo wa umeme. Mkondo ukizidi maradufu, joto huwa mara nne. Tena halitapakai sawa kila mahali, hujikusanya penye ukinzani, yaani kwenye viungo. Chukueni kiungo kilicholegea kikawa na nusu omu tu ya ukinzani. Ampea 10 zikipita hapo, kinatoa wati 50 za joto. Hicho ndicho kiwango cha chuma cha kuchomelea risasi, na hapa kimefichwa nyuma ya kibao cha mbao kilichokauka miaka na miaka. Kikipata moto hutanuka, kikipoa husinyaa, kila mara kinalegea zaidi na kutu yake inazidi. Kwa sababu hiyo hitilafu ya namna hii haijitibu. Inaweza kukaa kimya muda mrefu, kisha ikaharibika haraka tangu siku kilipoongezwa kiyoyozi.

Kufifia kwa taa nako kuna lugha yake, na inafaa mjifunze kuisoma kabla fundi hajafika. Taa zikididimia kwa kupepesa jicho kiyoyozi kinapoamka kisha zikarudi, huo ni mkondo wa kuanzia. Unaonyesha nyaya nyembamba au ndefu, lakini si dharura. Zikibaki hafifu muda wote kiyoyozi kinapofanya kazi, au zikichezacheza bila mpangilio, tafuteni kiungo kilicholegea. Na kama siku moja mtaona baadhi ya taa zinafifia huku nyingine zinang'aa kupita kawaida, zimeni meni hapohapo. Hiyo ni dalili ya kukatika kwa nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, katika nyumba yenye fezi (nyaya za moto zinazoingia) zaidi ya moja. Volti hugawanyika ovyo, vifaa vya upande mmoja vikaungua. Ulizeni na majirani: kama kwao hali ni hiyohiyo, hitilafu iko nje, na anayepaswa kuitwa ni shirika la umeme. Kila kilicho kabla ya mita ni mali yao, fundi wenu asikiguse.

Fundi wa pili ana hoja, ila ameishia njiani. Ili muone alipoishia, lazima niwaeleze kilichomo ndani ya kuta zenu.

Kabla ya plastiki ya PVC kuenea katika miaka ya 1950 na 1960, nyaya nyingi za nyumbani zilivikwa mpira, juu yake ukazungushwa uzi wa pamba, na wakati mwingine ganda la risasi. Mpira ule uliimarishwa kwa salfa, na kwa kuwa salfa hula shaba, shaba ilipakwa bati. Kwa hiyo mkikuta waya wenye rangi ya fedha, msikimbilie kusema ni alumini. Ukikwaruzwa, chini yake hutokea wekundu wa shaba. Nyaya za alumini zipo kwelikweli katika nyumba za miaka fulani, Marekani hasa kati ya 1965 na 1973, na shida yake kubwa iko kwenye viungo. Ni ugonjwa tofauti, una tiba tofauti, na fundi awaambie waziwazi amekuta upi.

Mpira huzeeka kwa joto na hewa. Hukauka, hugumu, hupasuka, mwisho huwa unga. Katikati ya ukuta, mahali penye giza na pasipo hewa, unaweza kubaki laini ajabu. Kwenye ncha, juu ya balbu zilizounguza dari usiku baada ya usiku, ni mkavu hata ukiupinda unapukutika mkononi. Hapa kuna jambo ambalo wenye nyumba wengi hawaambiwi: waya wa namna hii unaweza kukaa salama miaka mingi mradi haujaguswa. Fundi akifungua swichi, akavuta waya nje apate nafasi, akaukunja kurudisha ndani, ganda limekwisha kupukutika nyuma ya sahani mpya inayong'aa. Nyumba hupata hitilafu wiki ileile "iliporekebishwa". Ndiyo maana sipendi kabisa marekebisho ya kuokoteza katika nyumba hizi, swichi moja leo na soketi moja mwezi ujao. Afadhali kutogusa kuliko kugusa nusu.

Sasa, breka mpya juu ya nyaya hizo zinafaa nini? Breka hukatika mapema kuliko fyuzi ya waya, hilo ni faida ya kweli. Lakini breka haioni mpira uliopukutika wala kiungo kilicholegea. Kile kiungo chetu cha wati 50 kinapitisha ampea 10. Kwa breka ya ampea 16 hiyo ni hali njema kabisa. Itakaa imewashwa huku mbao zinageuka mkaa.

Kifaa kinachobadilisha hali zaidi ni RCD, ile breka yenye kitufe cha kujaribia. Hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Ikiona unaorudi umepungua kwa miliampea 30, maana yake umepata njia nyingine, pengine mwili wa mtu, na inakata ndani ya sehemu ya nukta. Kwa hali ya mama na friji, hiki ndicho chombo cha kuokoa maisha. Lakini nacho kina mipaka. Hakioni mzigo uliozidi, hakioni kiungo kinachochemka, na mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa RCD huyo ni kifaa kama balbu.

Tena jiandaeni kwa jambo hili: katika nyumba ya kale RCD ikiwekwa, mara nyingi itakatika siku ya kwanza. Uvujaji mdogomdogo wa nyaya zilizochoka hujumlishwa. Halafu mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kuazima nyutro, hasa kwenye taa za ngazini zenye swichi mbili: moto ukatoka mstari wa chini, nyutro ikarudi mstari wa juu. Taa ikawaka vizuri na shaba ikaokolewa, lakini hesabu ya RCD haiwezi kulingana. Fundi mvivu hapo huiondoa RCD na kusema ni mbovu. Akifanya hivyo mzuieni. Imewaambia ukweli kuhusu nyumba yenu, kilichobaki ni kutafuta mstari baada ya mstari unakovuja.

Ethi nayo inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo iliyosahauliwa zaidi katika nyumba za umri huu. Mistari mingi ya taa ilikuwa na nyaya mbili tu. Penye ethi, mara nyingi ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma, na bomba hilo likaja kubadilishwa kwa plastiki bila mtu kukumbuka umeme. Ethi ya nyumba nzima ikapotea kimyakimya. Wengine hudhani kuchomeka fimbo ya shaba ardhini kunamaliza kazi. Pigeni hesabu: fimbo nzuri yenye ukinzani wa omu 20, kwa volti 230, itapitisha ampea 11 na nusu. Fyuzi yenu ya ampea 30 haitashtuka hata kidogo, na bati la friji litabaki na umeme. Fimbo bila RCD haitoshi. Zikiwa pamoja, zinafanya kazi. Na akitokea fundi wa kuunganisha tundu la ethi na nyutro nyuma ya soketi ili "ethi ipatikane", mwambieni afungue alichofunga. Siku nyutro itakapokatika, kila bati lililochomekwa hapo litakuwa na umeme kamili.

Kuna hatari moja zaidi kwenye meni kama yenu. Baadhi ya mbao za fyuzi za kale ziliweka fyuzi kwenye moto na kwenye nyutro pia. Ya nyutro ikikatika, taa huzimika, mtu akaamini mstari umekufa, kumbe waya wa moto bado uko hai hadi kwenye holda ya balbu. Wala rangi zisiwadanganye. Ujerumani kabla ya miaka ya katikati ya 1960 nyekundu ilikuwa rangi ya ethi, wakati Uingereza nyekundu ilikuwa ya moto hadi rangi zilipobadilishwa kati ya 2004 na 2006. Na uzi wa pamba uliojaa vumbi hauna rangi tena. Kila waya upimwe, hata kama anayeupima amefanya kazi hii maisha yake yote.

Mnaweza kuona nasema mengi kuhusu viyoyozi. Si bure. Jumba la Makumbusho la Taifa la Brazil mjini Rio de Janeiro, lililokuwa kasri la kifalme, liliteketea tarehe 2 Septemba 2018 pamoja na sehemu kubwa mno ya hazina zake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka uliofuata ulionyesha moto ulianzia kwenye kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano, na ukataja kasoro za ufungaji wake, zikiwamo za ethi na za kukosa breka yake yenyewe. Jumba la kale linaweza kusimama karne mbili, likaangushwa na kifaa kimoja kipya kilichofungwa vibaya. Kwa hiyo jibu langu kuhusu viyoyozi vyenu na hita ni fupi: vizimwe hadi kila kimoja kipate mstari wake mpya kutoka kwenye meni.

Tufike kwa fundi wa tatu. Kuhusu nyaya yuko sawa: mwishowe zote za mpira lazima ziondoke kazini. Kuhusu kuta amekosea, na kosa hilo lingewagharimu zaidi ya pesa. Ukuta wa mawe na chokaa unabeba mzigo kwa mawe kukaa yakiegemeana. Ukiuchimbia mfereji wa kulala, unakata mawe yaliyoshikana na kulegeza ya juu yake. Hata kwa kuta za kawaida, mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unaruhusu mfereji wa wima usiozidi theluthi ya unene, na wa kulala usiozidi sudusi. Kwa ukuta wenu ningesema wa kulala usichimbwe popote.

Na hakuna haja, kwa sababu nyumba ya kale ina njia nyingi kuliko inavyoonekana. Darini na chini ya mbao za sakafu ndizo barabara kuu. Bomba la moshi lisilotumika, ubavu wa ngazi, ndani ya makabati ya ukutani, nyuma ya mbao za chini ya ukuta: kote humo kebo hupanda bila kugusa plasta. Kama nyaya zenu zimo ndani ya paipu za chuma, huenda waya wa kale ukatumika kuvutia mpya, ila paipu zikaguliwe kutu na makali ya ncha, na zisitegemewe kuwa ethi mpaka zipimwe. Penye lazima ya kupita wazi, ipo kebo yenye ganda la shaba lililojazwa unga wa magnesia. Ni nyembamba, hustahimili moto, na ikilazwa kwa unadhifu kando ya dari haichukizi macho. Ni ghali, na ncha zake hutaka fundi aliyefundishwa kuzifunga kwa sababu unga ule hunywa unyevu. Kwa swichi, hasa zile za kuta zilizochorwa, zipo zisizo na waya kabisa, zinazopeleka ishara kwa redio hadi kwenye taa. Nazipenda mno kwa nyumba kama yenu. Swichi za duara mnazozipenda zinaweza kubaki mahali pake kama kumbukumbu, zikiwa zimekatwa umeme, au mkapata mpya zenye sura ileile na viungo vya kisasa ndani.

Boriti nazo zihurumiwe. Tundu litobolewe katikati ya kimo chake, lisizidi robo ya kimo hicho, wala lisiwe karibu na ukuta unapoegemea wala katikati kabisa ya urefu wa boriti. Kukata pengo juu au chini ya boriti ni kuidhoofisha pale inapofanya kazi ngumu zaidi. Kama boriti zenu ni magogo yasiyo sawa, muulizeni mhandisi kabla ya kutoboa lolote. Na popote plasta itakapokatwa, izibwe kwa chokaa. Saruji ni ngumu na haipumui. Unyevu unaopita ukutani huzuiwa, ukatafuta njia pembeni na chumvi zake, na baada ya muda chokaa nzuri iliyouzunguka mshono ule huanguka. Chumvi hizohizo hula masanduku ya chuma ya swichi, kwa hiyo chagueni ya plastiki au yaliyopakwa zinki.

Kwa kuwa jengo linalindwa, ombeni kibali kwa mamlaka inayohusika kabla patasi haijagusa ukuta. Nendeni na mchoro wa njia za nyaya mkononi. Kwa uzoefu wangu mchoro unaoonyesha kebo zinapita darini na chini ya sakafu hupata kibali kwa urahisi, na yule ofisa mara nyingi anawajua mafundi waliozoea chokaa na mbao za kale.

Sasa pesa, na swali lenu la kuishi humo. Kabla ya kumlipa mtu kwa kazi yoyote, mlipeni mtaalamu kwa kupima tu, na ikiwezekana awe mtu asiyetarajia kupewa kazi yenyewe. Apime ukinzani wa maganda ya nyaya kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Kiwango cha kimataifa kinataka usipungue megaomu 1 kwa kila mstari. Apime kama ethi imeunganika hadi mwisho, ukinzani wa ardhi, na mkondo wa kila mstari mkiutumia kama kawaida. Afungue sampuli za viungo, hasa juu ya taa, na ikiwezekana apige picha za joto wakati mzigo upo. Awaandikie mstari upi uzimwe leo, upi unaweza kungoja, na upi ni mzima. Mtu akitoa hukumu ya nyumba nzima kwa tesita ya mfukoni na macho tu, huyo hajapima. Kwenye fyuzi za kauri pia aangalie vipande vya kitambaa cheupe au kijivu ndani. Baadhi ni asbesto, na hiyo haikwaruzwi wala kupulizwa vumbi.

Baada ya hapo kazi inaweza kugawanywa. Ningeanza na meni mpya yenye breka na RCD zaidi ya moja, ili uvujaji wa mstari mmoja usizime nyumba nzima, pamoja na ethi ya kweli. Papo hapo, katika hatua hiyohiyo, mistari mipya ya viyoyozi, hita na jikoni, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Mistari ya zamani ya taa, ile tu iliyofaulu vipimo, inaweza kubaki kwa muda mfupi juu ya breka ndogo ya ampea 6 na balbu za LED. Balbu ya wati 9 inapochukua nafasi ya ile ya wati 60, joto juu ya holda hupungua sana. Halafu chumba kwa chumba, kadiri pesa inavyopatikana, mkianza na ghorofa ya juu ambako dari huwa na joto zaidi. Nyaya za kale zinazoachwa ndani ya ukuta zikatwe pande zote mbili na ziwekwe alama, asije mtu baadaye akazifufua bila kujua.

Basi ndiyo, mnaweza kuishi humo, lakini kwa masharti: viyoyozi, hita na friji vikiwa vimezimwa, mstari wa ngazi umetolewa fyuzi, hakuna ekstensheni iliyopita chini ya zulia, kengele za moshi zinazotumia betri zimefungwa kila ghorofa, na kipimo kinafanyika ndani ya siku chache, si miezi. Friji inaweza kuwa tatizo kubwa kwenu. Ikionekana yenyewe haivuji, mstari wake mpya uwe wa kwanza kabisa.

Masharti hayo yanavunjika mkiona lolote kati ya haya: ukuta au sahani ya swichi ina joto, kuna mlio wa kuchachatika, harufu inarudi baada ya mstari kuzimwa, alama ya weusi kwenye dari, au mtu amepigwa shoti tena. Hapo zimeni meni, msilale humo, mwiteni fundi mwenye leseni siku hiyohiyo. Ukionekana moshi, tokeni nje na kuwaita zimamoto. Maji yasimwagwe kwenye kitu chenye umeme. Na mtu aliyepigwa shoti kubwa, hata akisema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa sababu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Kazi ikikamilika, msilipe salio kabla ya kupewa karatasi ya vipimo vya kila mstari, mchoro wa njia za kebo, na picha za kila ukuta na kila ubao wa sakafu zilizopigwa kabla ya kufunikwa, zikiwa na kipimo cha futi kando yake. Meni iwe na lebo kwa Kiswahili kinachosomeka, na mama aonyeshwe kitufe cha RCD kiko wapi na namna ya kukijaribu.